Joho la Daktari Barre

Daktari wa mifugo Barre ndiye mtu pekee niliyemjua hapa Garissa aliyesema Kihungaria, lugha isiyouza hata mbuzi mmoja sokoni. Alikwenda kusoma Budapest mwaka 1988, na mwaka uliofuata Wahungaria wakakata waya wa mpaka wao na Austria akiwa hukohuko. Likizo alikaa na wafugaji wa nyika ya Hortobágy. Mzee mmoja akampa joho zito la sufu, limedariziwa maua mekundu. Lilikuwa la kakake, aliyekimbia nchi mwaka 1956 vifaru vya Warusi vilipoingia, asirudi tena.

"Joto hili, daktari? Unajioka?" tulimtania mnadani.

"Na wewe unayevaa suti kwenda kwa chifu?"

Siku moja tukinywa chai akanieleza mila yao ya zamani. Mwanamume anayetaka kuposa huwatembelea kina mwanamke nyumbani kwao, na akiondoka hujifanya amesahau joho. Asubuhi akilikuta limetundikwa nje, amekataliwa. Likiwa ndani, atume wazee. Hakuna anayeaibika.

Wiki iliyofuata alikuja kwangu kutibu ngamia, akanywa maziwa, wakacheka sana na dadangu Maka, mjane. Alipoondoka, joho lilibaki kitini.

Mimi ni dalali. Nilimtaka Sugow, mfanyabiashara wa hapa mjini, awe shemeji yangu, maana ana malori na mimi nina ngamia wa kusafirisha. Maka angeulizwa kuhusu daktari, jibu lake nililijua. Basi nikahakikisha haulizwi. Alfajiri, yeye akiwa bado amelala, nikalitundika joho nje chini ya bati.

Barre alikuja, akalitazama, akalikunja. "Nimeelewa, Adow. Msalimie." Mwezi huohuo akahamia Tarbaj, kule Wajir.

"Kaka, daktari hakulifuata joho lake?" Maka aliuliza.

"Alilichukua."

Sikusema uongo. Lakini nimeuza ngamia wagonjwa nikalala vizuri kuliko siku ile.

Sugow alipoposa, Maka alimkataa. Hajaolewa mpaka leo.

Mwezi uliopita, baada ya miaka sita, Barre alikuja sokoni kuchanja ngamia. Ameoa hukohuko Tarbaj.

"Maka hajambo? Mwanamke muungwana. Hakunizungusha."

Hapo nikashindwa. "Nililitundika mimi, daktari. Yeye alikuwa amelala. Hata maana yake haijui."

Alijaza sindano dawa.

"Mshike huyu kichwa," akasema.

Nilishika vichwa vya ngamia kumi na wanane. Hakunitazama tena.

Maka bado sijamwambia. Kila jioni ananiwekea chai, ananiuliza soko lilikuwaje, na mimi namtajia bei za ngamia.