Meza Iliyoinamia Ziwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo wanamaanisha kwamba wanapenda familia zao. Mimi namaanisha kwamba nikivuka tu barabara kuu hapa Nyamasaria, naanza kujiuliza kama nilizima gesi. Shule nilisomea hapa mpaka kidato cha nne, duka la vipuri vya pikipiki nikafungua hapa, na mke nikamtoa Dunga, hapa hapa Kisumu, safari ambayo mpaka leo naihesabu kuwa ya ng'ambo.

Kwa hivyo hata mchezo wa pool nilijifunza kwenye meza moja tu, ile iliyokuwa kwenye baraza la hoteli nyuma ya duka langu. Mwenye hoteli ni mama aliyehamia Kisumu kutoka Murang'a, na chai yake ndiyo iliyonifikisha pale, si mchezo.

Meza ile ilikuwa imeinama. Sakafu ilititia upande wa ziwa baada ya mvua na meza ikaifuata. Ukipiga mpira polepole, ulienda vizuri mpaka katikati, halafu ukalikumbuka ziwa na kukata kona kwenda huko. Mpira mweupe nao haukuwa wa seti ile. Wa kwanza ulipotea, tukaletewa mwingine mnene kidogo kuliko wenzake. Wanafunzi wa Maseno walikuja na fimbo zao nzuri za kufungua na kufunga, wakapiga hesabu za pembe, wakachapwa. Mimi nililenga upana wa kiganja kando ya mfuko wa meza, kisha nikageuka kuchukua kikombe changu kabla mpira haujatumbukia. Watu wakaanza kuniita Nambari Moja. Sikumrekebisha mtu.

Kisha wakubwa wa mchezo wakaamua mambo yawe na utaratibu. Meza za mashindano ziwe za kipimo kimoja, kitambaa cha aina moja, mipira ya uzito sawa, na kila mchezaji apangwe kwenye daraja kulingana na mechi atakazoshinda kwenye meza hizo. Daraja la juu lingesafiri: Nakuru, Eldoret, hata Mombasa. Daraja la chini lingecheza mtaani kwao.

"Baba, wewe utatupeleka mbali!" mama wa hoteli akaniambia.

"Mbali wapi?"

"Mombasa! Utaenda na jina la hoteli yangu mgongoni."

Nikacheka kama mtu aliyefurahi. Halafu nikarudi dukani nikamuuzia mteja kioo cha pikipiki wakati alikuwa ameomba plagi.

Ukweli ni kwamba sikutaka kwenda popote. Lakini kukataa ningekataaje, na mtaa mzima tayari ulikuwa umenipakia kwenye gari? Kushindwa makusudi pia sikuweza, maana jina la Nambari Moja nililipenda. Nililitaka jina bila safari yake.

Mke wangu, ambaye huuza samaki na hana subira na porojo, aliniona nikilitazama begi la safari.

"Unaogopa kushindwa ama unaogopa kitanda cha wenyewe?"

"Siogopi kitu."

"Harusi ya dada yangu kule Homa Bay uliumwa tumbo mpaka tukarudi."

"Yalikuwa maji ya kule."

"Maji ni ya ziwa hili hili, jaduong', mzee wangu."

Kabla ya mechi za kupanga madaraja, fundi alikuja na pima maji, akaiweka juu ya meza yetu. Kiputo cha hewa kikakimbilia upande ulioinuka, wa barabara, na kukwama huko.

"Mzee, hii mlikuwa mnaichezaje?" akaniuliza.

"Vizuri sana."

Akainua miguu ya meza, akabana skrubu, akatandika kitambaa kipya na kuleta mipira iliyolingana. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Nambari Moja ni Nambari Moja tu, wakasema.

Jumamosi mchana nikapangiwa msichana wa Maseno ambaye niliwahi kumchapa pale pale. Nikainama, nikalenga kiganja kando ya mfuko kama kawaida, nikapiga, nikageuka kuchukua chai. Sikusikia mpira ukitumbukia. Ulikuwa umeenda pale pale nilipolenga, kwenye ukingo wa meza. Mpira ulinitii, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Nikajaribu kunyoosha. Kichwa kilikubali, mkono ukakataa.

"Mzee, unalenga nani?" msichana akauliza.

"Analenga ziwa!" mtu akajibu kutoka nyuma, na baraza zima likalipuka kwa kicheko.

Walicheka mpaka zamu zao zilipofika. Watu wote wa baraza letu, mmoja baada ya mwingine, walipiga kando ya mfuko kwa ustadi mkubwa.

Madaraja yalipobandikwa ukutani, nilikuwa chini kabisa. Niliona uchungu, sikatai. Ulikaa kifuani kama nusu kikombe cha chai, halafu nikakumbuka kwamba daraja la chini halisafiri.

Nilichoogopa sasa ni mama wa hoteli. Akasoma, akashika kiuno.

"Pole, Baba. Kwa hivyo nyinyi wa chini mtachezea hapa kila Jumamosi?"

"Hapa hapa."

"Na wageni watakula wapi?"

"Kwako."

"Basi pole sana," akasema, akaenda jikoni akiimba.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba nimeshindwa.

"Mbona unatabasamu?"

"Sitabasamu."

"Basi funga mdomo, meno yanaonekana."

Siku ya safari ya Nakuru niliwasindikiza wa daraja la juu mpaka barabarani. Msichana wa Maseno akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, hata kutushangilia huji?"

"Nani atalinda mtaa?"

Nikawapungia mkono kwa huzuni inayomfaa bingwa aliyestaafu. Kabla gari lao halijafika Ahero, hapo mbele kidogo tu, nilikuwa nimeshavua viatu.