Mfarishi wa Demetria

Madaktari walipomruhusu Demetria arudi nyumbani Chamazi, hawakusema amepona. Walimwita binti yake, Herieth, pembeni, wakamweleza kwamba kansa ya titi imeshafika kwenye mifupa, na kilichobaki ni dawa ya maumivu na uangalizi wa ndugu. Herieth alipiga simu moja tu. Kesho yake mama yake mdogo, Rosalia, akafika na bajaji, cherehani yake mbele ya magoti na furushi la viraka mgongoni.

Demetria na Rosalia walizaliwa Masasi, wakapishana miaka minne. Demetria ndiye aliyetangulia Dar, ndiye aliyemtafutia mdogo wake chumba cha kwanza, na hata cherehani ile aliinunua yeye. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Akikupa kitu alikitupa mapajani mwako huku anatazama pengine, na ukimshukuru alikwambia uache upuuzi. Rosalia naye, kwa miaka ishirini na kitu, aliishi kwa kushona mifarishi ya viraka. Alinunua mashuka, mashati na magauni ya mtumba, akayakata vipande, akaviunganisha, katikati akaweka blanketi kuukuu, chini bitana, kisha akashindilia vyote kwa mshono. Watu walinunua kwa ajili ya vichanga na wazee.

Mgongo wa Demetria ulikuwa umeanza kuchubuka kwa kulala. Kitenge kipya kilimkwaruza kwa wanga wake. Blanketi lilimchoma. Shuka la dukani, lile linalong'aa, lilimganda kwa jasho. Siku ya tatu Rosalia alimtandikia shati la kiume la pamba, kuukuu, lililofuliwa mpaka likawa laini kama ngozi ya sikio. Demetria akatulia kidogo, akasema, "Hili angalau haliniumi."

Basi. Kuanzia hapo Rosalia akawa na kazi: atamshonea dada yake mfarishi mkubwa, wa pamba tupu iliyochoka, usio na mshono mgumu hata mmoja upande wa mgongo.

Kila Jumanne na Jumamosi alivuka jiji kwenda Manzese, alikokuwa na mwuzaji wake wa mashuka, mtu wa makamo aitwaye Mbwana. Siku hizo ndizo Mbwana alizofungua belo la mitumba. Nyaya zikikatwa, mzigo ulifura wenyewe kama unavuta pumzi, na ile harufu ya dawa ya mitumba ikawapiga wanawake waliokuwa wamesimama tayari. Rosalia hakukimbilia rangi kama wenzake. Alifumba kiganja juu ya kitambaa, akakiachia: pamba hubaki na mikunjo, nailoni hurudi kana kwamba hakijatokea kitu. Akiwa na shaka alichomoa uzi, akauwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba uliungua kama karatasi ukaacha majivu. Mwingine uliyeyuka ukawa kishanga cheusi, naye akalitupa shuka lile bila kuangalia lilikoangukia.

"Mama, wewe mkali," Mbwana alimtania. "Hata bibi harusi hachaguliwi hivi."

"Mgonjwa wangu hana ngozi, baba. Niache nichague."

Herieth, aliyekuwa ameacha kazi ya saluni ili amuuguze mama yake, alimwuliza siku moja, "Mama mdogo, si Tandika ipo hapo tu? Mashuka yamejaa kule."

"Ya Tandika yanakuwaga yameshachaguliwa."

Haikuwa kweli sana, na wote wawili walijua. Kweli yenyewe ni kwamba chumba kile kilikuwa kimemshinda Rosalia. Kidonda hakikumtia kinyaa, alikisafisha kwa mikono yake. Kilichomshinda ni kumsikia Demetria, mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la mkaa kichwani na huku anagombana na mtu, sasa akivuta hewa kwa meno kila anapogeuzwa. Manzese, kwa saa tatu nne, Rosalia alikuwa mtu anayeijua kazi yake.

Jumamosi moja, Rosalia akiwa anafunga kilemba, Demetria alimwita kutoka kitandani.

"Rosa. Leo usiende."

"Kuna nini, dada? Yamezidi?"

"Hayo yapo tu. Kaa hapa. Nina neno na wewe."

Rosalia alisimama mlangoni na mkoba begani. "Mbwana kapiga simu, dada. Kuna belo la mashuka ya hospitali za Ulaya, pamba tupu. Nikichelewa wenzangu wanamaliza. Nikirudi tutaongea, saa nane nimeshafika."

"Haya. Nenda," Demetria akasema, akageuzia uso ukutani.

Mashuka yalikuwa kama alivyoambiwa. Meupe, yenye mistari ya buluu iliyofifia, yamefuliwa na watu wasiojulikana mara zisizohesabika. Rosalia alipoliweka la kwanza shavuni alicheka kwa sauti, mpaka mwanamke wa jirani akamgeukia. Simu ililia mkobani. Aliona jina la Herieth, akajisemea atampigia akimaliza fungu lile. Mbwana akafungua belo la pili. Simu ikalia tena, na tena, naye mikono ilikuwa imezama kwenye pamba mpaka viwikoni.

Alipofika Chamazi ilikuwa inakaribia saa kumi. Herieth alikuwa ameketi kizingitini. Hakumpokea mzigo.

"Yu hai," alisema kabla hajaulizwa. "Lakini mdomo umekwenda upande. Hasemi."

Nesi wa zahanati ya jirani alikuja, akasema ugonjwa yawezekana umepanda kichwani. Demetria alikuwa macho. Alimwona Rosalia akiingia, akatoa sauti, ndefu, nzito, isiyokuwa na neno ndani yake.

Rosalia hakutoka tena. Alisogeza kigoda karibu na kitanda, akashona kwa mkono ili kelele ya cherehani isimsumbue mgonjwa. Kila baada ya muda alimshika kiganja. "Dada, ni habari ya nyumba? Nibonyeze kama ni hiyo." Kiganja kilibonyeza. Rosalia akaruka kwa furaha. "Ni Herieth? Unataka niishi naye?" Kikabonyeza. "Nimekukosea?" Kikabonyeza vilevile. Akajaribu jambo lisilo na maana yoyote, akauliza kama anataka kwenda Pugu kuchuma maembe. Kiganja kikabonyeza. Hapo akaelewa kwamba anaongea peke yake, akamrudishia dada yake mkono wake taratibu juu ya tumbo.

Siku ya tano mfarishi ulikamilika. Wakamwinua wawili, wakamlaza juu yake. Rosalia aliinama akautazama ule uso, akisubiri upunguze mkunjo mmoja, au dada yake asivute hewa kwa meno hata mara moja. Hakuona tofauti. Wala hangeweza kusema haikuwepo.

Demetria alifariki siku ya tisa, asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto. Kaka yao Erasmus alikuja kutoka Masasi kusimamia mazishi. Aliukuta mfarishi umetandazwa uani ukikauka, akaupapasa, akasema mbele ya waombolezaji kwamba marehemu alitunzwa kuliko wengi. Wanawake wakaitikia. Rosalia alikuwa anaosha vyombo, akaendelea kuosha.

Watu walipotawanyika alimfuata Herieth, aliyekuwa anakunja mikeka.

"Siku ile nilipotoka. Alikwambia lolote?"

Herieth alikunja mkeka mpaka mwisho, akaufunga kamba. "Alisema... alikuwa anataka kukushukuru, mama mdogo. Kwa yote."

Rosalia alimtazama. Kwa miaka hamsini na minane Demetria hakuwahi kumshukuru mtu, na binti yake wa kumzaa alilijua hilo kuliko wote. Macho ya Herieth yalikuwa mekundu na magumu, kama ya mtu aliyetoa kitu ambacho hakutaka kukitoa.

"Asante, mwanangu," Rosalia alisema. Aliyapokea maneno yale kama chakula cha msibani, kinachomezwa bila ladha kwa sababu mtu amekiandaa.

Hawajayazungumza tena. Baada ya arobaini Herieth alirudi saluni, akapangisha vyumba viwili vya mbele, akamwachia mama yake mdogo cha uani bila kuombwa. Mfarishi aliuchukua Herieth mwenyewe, akauweka sandukuni. Wakikutana kisimani asubuhi wanasalimiana vizuri, wanaulizana kama maji yatatosha, kila mmoja anajaza ndoo yake. Juzi mjamzito wa nyumba ya tatu, Marietha, alikuja kuagiza mfarishi wa mtoto, rangi ya njano. Rosalia alimpimia urefu kwa mkono, akamwambia aje baada ya wiki mbili.