Mlango Mmoja kwa Kaseti za Mama

Nilipomaliza kuhamisha kaseti za marehemu mama kwenye kompyuta, kaka yangu aliyeko Bukavu na dada yangu aliyeko Kanada walinipigia simu wiki ileile, kila mmoja kwa wakati wake, wakiniomba jambo moja: nao wanataka kumsikia.

Kaseti zile hazikuwa za nyimbo, zilikuwa barua. Miaka ya vita, posta ilipokuwa haifiki popote, mama alikuwa akikaa mbele ya redio yake yenye kinasa sauti, anabonyeza, anaongea mpaka upande mzima umalizike, kisha anamkabidhi kaseti msafiri yeyote mwenye uso wa kuaminika, aifikishe kwa wale kati yetu waliokuwa mbali. Anaanza kwa salamu. Anasema nani kaoa na nani tumemzika. Halafu anashusha sauti na kutaja watu kwa majina: aliyetuficha jikoni kwake, aliyetuchongea kwa askari, aliyechukua magodoro yetu na baadaye akayarudisha. Wengi wao wangali hai, katika mitaa ileile. Kwa hiyo dada aliposema nizitupie tu kwenye hifadhi ya bure ya mtandaoni, nilikataa. Mama aliwaambia watoto wake. Hakuiambia kampuni.

Mpango wangu ulikuwa huu: sauti zikae kwenye kompyuta ndogo nyumbani kwangu Saint-Josse, hapa Brussels, kwenye rafu kando ya dirisha, na ndugu zangu waje kuzisikiliza kutoka huko waliko. Mimi ni mlezi wa wazee, si fundi, lakini nilifuata maelezo hatua kwa hatua. Nilipojaribu kwa simu yangu jikoni, mama aliongea. Kaka alipojaribu kutoka Bukavu, hakupata kitu. Nilipiga simu kwa kampuni inayoniletea intaneti, na mwanamke mmoja mpole akanieleza kwamba wateja wengi wa mtaa wetu tumepewa anwani moja ya kushirikiana. Tunatoka nje bila shida, lakini mtu wa nje akija, hakuna kengele yenye jina langu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Bujumbura. Binti yake ana saluni Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, ndipo ninaposukwa, na mzee huyo Jumamosi hukaa dirishani na kofia yake ya kufumwa, akisoma kila karatasi anayoikuta. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye mitambo ya simu. Siku hiyo nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa binti yake, simu mapajani, nikisoma matangazo ya VPN, zile huduma zinazopitisha mawasiliano yako kwenye mashine ya kampuni nyingine kabla hayajatoka nje, ili watu wasijue unakotokea.

"Maman, unatafuta nini kwa nguvu hivyo?" aliniuliza.

Nikamweleza yote, kaseti, kaka, anwani ya kushirikiana. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Bon," akasema. "Hiyo VPN peke yake itakuficha tu. Weye hautafute kujificha tu, unatafuta pia batoto ba mama yako baingie. Donc uliza kama banatoaka mlango. Kwa Kifaransa banaita redirection de port. Ni kama zamani kwetu pa simu: namba kubwa ni moja kwa ofisi yote, lakini muntu akisema namba ya ndani, tunamupeleka kwa meza yake. Kampuni inakupa namba ya ndani. Kaka anaita namba ile, banamuleta mpaka kwako."

Nilinyanyua kichwa ghafla, binti yake akanirudisha chini kwa kiganja. Wiki nne nilikuwa nimehangaika na maneno ya mafundi, na mzee huyu alikuwa amenipa jibu lote kabla msuko mmoja haujafika sikioni.

Kuanzia hapo sikutulia. Kwenye metro nasoma, wakati wa chakula kazini nasoma. Nilinunua daftari na kuandika maswali yangu ukurasa wa kwanza. Je, mnatoa mlango? Namba yake inabaki ileile au inabadilika kila ninapounganisha upya? Mnaandika nani kaingia na saa ngapi? Mnataka kujua nini kunihusu? Nilikuwa na furaha ya mtu anayechagua nyumba, ingawa nilichokuwa nachagua ni namba tu.

Huduma ya kwanza niliyoipenda ilikuwa na tovuti nzuri sana, na ilikuwa ya kwanza katika orodha moja ya huduma bora. Jumamosi iliyofuata nikamwonyesha mzee. Alivaa miwani, akashuka na kidole mpaka mwisho kabisa wa ukurasa wa ile orodha, penye maandishi madogo.

"Soma hapa, maman."

Nikasoma. Mwenye ile orodha na mwenye ile huduma walikuwa kampuni moja. Walikuwa wamejipa wenyewe nafasi ya kwanza. Na nilipotafuta vizuri, kumbe mlango wenyewe walikuwa wameshauondoa zamani, kwa sababu, walisema, wateja wengine waliutumia vibaya.

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka pia, lakini nilipofika nyumbani niliamua kutosoma orodha tena. Niliandika barua pepe moja, maswali yangu yaleyale, nikaituma kwa huduma nne.

Ya kwanza ilinijibu kwa tangazo. Ya pili ilisema hapana, hawatoi mlango, na asante. Ya tatu ilitoa, lakini namba hubadilika kila mara, na nikamwaza kaka yangu akinipigia kila asubuhi kuuliza namba ya leo ni ipi. Ya nne ilichelewa siku mbili. Nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa jibu lilipoingia, nikiwa kwenye basi. Lilikuwa refu, na lilionekana limeandikwa na mtu.

Alisema mlango wanatoa, na namba inabaki yangu muda wote nitakaokuwa mteja. Hawahitaji jina wala barua pepe ili kufungua akaunti. Hawahifadhi kumbukumbu za nani anaunganishwa, na watu wa nje wameruhusiwa kuja kukagua mitambo yao na kuandika waliyoyakuta. Kisha akaongeza kitu ambacho hakuna tangazo lililowahi kuniambia. Alisema VPN si miujiza: ukiwa umeunganishwa, sisi tunaiona anwani yako ya nyumbani, hatuwezi kukudanganya kwamba hatuioni, tunachoahidi ni kutoiandika. Na mlango ukishafunguliwa uko wazi kwa kila mtu anayepita, kwa hiyo weka nenosiri refu na uzifunge sauti zako kwa msimbo zikiwa njiani, asiyehusika asizisikie, la sivyo usifungue kabisa.

Nilisoma ile barua mara tatu nikapitiliza kituo changu. Mtu anayekuuzia kitu na papo hapo anakwambia mahali kinapoishia, huyo nilimwamini. Nilirudi nyuma kwa miguu, karibu nikikimbia, mvua ikininyeshea misuko mipya nami nisijali.

Jumapili baada ya kanisa nilikaa mbele ya rafu. Niliunganisha, nikapewa anwani ya mashine yao na namba yangu, tarakimu tano. Nilizifunga sauti kwa msimbo, kisha nikaweka nenosiri: sentensi nzima ya Kimashi, lugha ya kwetu, ambayo mama alikuwa akituamshia. Nikampigia kaka kwa video. Alikuwa uani kwake, mkewe amesimama nyuma yake na kikapu cha nguo.

"Ingiza ile anwani niliyokutumia, halafu nukta mbili, halafu namba," nikamwambia.

"Nimeingiza. Iko inazunguka tu."

Tulingoja. Ikazunguka. Nilikagua kila kitu, kumbe kompyuta yangu mwenyewe ilikuwa na ulinzi wake unaomzuia kila mgeni, na sikuwa nimeuambia kuhusu namba mpya. Nikaandika mstari mmoja. Nikabonyeza.

"Jaribu tena, kaka."

Safari hii iliingia. Nikamwona anasogeza simu nyingine sikioni. Halafu kupitia uani kwake, kupitia hewa ya Bukavu, nikasikia sauti ya mama ikitoka kwenye kompyuta iliyokuwa hatua moja kutoka gotini kwangu: amevuta pumzi, amekohoa kidogo, ameanza, "Watoto wangu, salamu nyingi."

Mkewe alishusha kikapu chini.

"Alikuwa anakohoaka vile kila mara mbele ya kuongea," kaka akasema. "Mimi nilikuwa nimesahau."

Nilitaka kupiga kelele, lakini nilikaa kimya ili nisimfunike mama.

Baada ya saa moja dada alikuwa ameingia kutoka Kanada, na tukawa watatu, kila mmoja na kaseti yake, tukirushiana habari. Sikiliza ile ya harusi. Hapana, anza na ile ya magodoro. Kisha dada akatuita wote kwenye kaseti ya kumi na saba, mahali ambapo nyuma ya maneno ya mama kuna mtoto analia, na mama anasimamisha habari yake na kusema, "Nyamaza, nitakuja."

"Nani huyo?" dada akauliza.

"Ni weye," kaka akasema. "Ulikuwa unaliaka siku nzima."

"Mimi nilikuwa mkubwa tayari. Ni huyu wa Brussels."

Nilikana. Tukairudisha nyuma, tukasikiliza tena, watu watatu katika nchi tatu tukibishana kuhusu kilio kimoja, na hadi leo hatujakubaliana ni cha nani.