Petroli Bora kwa Gari ya Mdogo Wangu

Gari ya mdogo wangu ilifika Ibra, bara ya Oman, ikiwa juu ya lori kutoka bandarini, na mama akatoka mpaka barazani kuiangalia, mikono yake ikiwa bado na unga. Ilikuwa nyekundu, ya milango miwili, fupi mno hata mbuzi wa jirani waliweza kuchungulia ndani bila kunyoosha shingo. Wakati ule nilikuwa na miaka zaidi ya kumi ya ufundi pale Ibra, na kazi yangu ilikuwa malori ya tende na pikapu za mabedui wa Bidiya. Gari ya mbio sikuwahi kuigusa. Niliipenda na kuiogopa kwa pamoja.

Mwaka wa mapinduzi Unguja sisi tuligawanyika. Mimi nilibaki na mama, na milango ya Oman ilipofunguliwa tukaja kwenye nchi ya babu zetu tukiwa na masanduku mawili. Mdogo wangu, kijana wa miaka kumi na minne, alichukuliwa na mjomba kwenda Misri, na kutoka Misri akafika Amerika, akasomea uhandisi. Mama hakumtia machoni kwa miaka ishirini na zaidi. Sasa alikuwa amekuja kwa majaribio, miezi sita katika idara ya maji, na akipenda atabaki. Mama alipaka chokaa chumba chake, akashona foronya mpya, akaanza kuulizia wasichana kimyakimya.

Siku ya pili aliniita jikoni.

"Nduguyo hapendi kitu hapa ila hiyo gari yake," aliniambia. "Itunze, mwanangu. Hiyo gari ndo itakayomkalisha."

Nilimcheka, lakini neno lake lilinikaa kifuani.

Siku ya tatu tulikwenda kutia petroli, na mdomo wa pampu ukakataa kuingia. Tundu la tangi lilikuwa dogo, na ndani yake mna kijifuniko cha bati. Hasira zangu ziko karibu siku zote, kila anayenijua atakwambia. Niliwatukana waliounda gari ile, nikasema hawa watu ni mabahili hata wa tundu. Tukairudisha gereji, nikazungushia kitambaa cha maji, nikachukua tupa nikalipanua tundu na kukivunja kile kijifuniko. Mdogo wangu alisimama kando, mikono mifukoni, akinitazama. Tuliporudi pampu ikaingia sawasawa, nikamjazia super, petroli ghali kuliko zote.

Mama alitulea kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na futari hurudi na chochote, japo tende mbili. Mimi desturi ile niliihamishia gereji: gari ya ndugu haitoki kwangu na tangi tupu. Mwengine angeona ni kujionesha. Mimi niliona ni adabu.

Baada ya wiki tatu gari ikaanza vituko. Kwenye barabara ya Bidiya, pale ilipo tambarare na unaweza kuuweka mguu pahala pamoja, mota ilikuwa ikivuta, ikiachia, ikivuta, ikiachia, bila mtu kuigusa. Tukisimama, mshale wa mizunguko ulipanda na kushuka wenyewe. Mdogo wangu alikunja uso kila ilipovuta, na mimi niliona aibu kama kwamba mimi ndiye niliyeiunda.

Nilibadilisha plagi na chujio la petroli. Nilipaka mafuta ya taa kwenye kila mpira unaopitisha hewa, nikatega sikio kama sauti itabadilika, maana mpira uliopasuka hujitoa wenyewe kwa njia hiyo. Haikubadilika hata kwa mmoja. Ndipo mdogo wangu alipoleta kitabu cha gari na kunifasiria, maana Kiingereza changu kilikuwa cha majina ya vipuri tu. Alisema kwenye bomba la moshi kimefungwa kijidude kinachonusa hewa iliyobaki ndani ya moshi na kupeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayopima petroli iingie kiasi gani. Nilikibatiza pua. Nilipouchomoa waya wa pua, mota ikatulia. Nilipourudisha, ikaanza tena. Niliweka mita ya umeme: mshale ulipaswa kucheza huku na huku, nao ulilala. Pua imekufa. Nilijiona mwanamume kweli siku ile, kukijua kitu ambacho sijapata kukiona.

Rafiki yake wa Amerika akatuma pua mpya kwa posta. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mshale ulicheza, mota ikanguruma sauti moja, na Ijumaa tukamchukua mama mpaka Sur na kurudi. Mama alikaa mbele, mimi nimejikunja nyuma pasipotosha hata mtoto, na mdogo wangu akiimba. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ukaya wake wa kichwani. Tuliporudi nilijaza tangi super mpaka ikafurika.

Ilichukua wiki mbili. Pua ikafa. Ikaja ya pili, nayo haikumaliza siku kumi. Kila jioni mama aliuliza, "Imekuwaje?" nami nikijibu, "Inshaallah." Mwisho nikaacha kwenda kula kwake mchana, nikala mkate na chai gereji. Nilikuwa nikiamka na gari ile kichwani na kulala nayo. Miezi ya majaribio ilikuwa inakwisha.

Nikamwambia mdogo wangu, "Huu waya tuuache nje. Itakula petroli zaidi, itatoa moshi kidogo, lakini utaiendesha mpaka upate wajukuu."

"La, kaka," alisema. "Mie naitaka kamili, kama ilivyotoka kiwandani. Kama hapa haiwezekani, khalas, haiwezekani."

Nilirusha spana ikagonga ukuta. Gari nzima inakwenda, mtu anaikataa kwa waya mmoja! Nilidhani ni maringo ya Amerika.

Aliyenifumbua macho alikuwa muuza petroli, Mmalabari wa Bara Hindi aliyesoma Kiingereza. Nilikuwa nimejaza tangi kwa mara nyingine. Kabla hajafunga kifuniko aliinama akasoma maandishi madogo yaliyobandikwa pale pembeni, ambayo nilikuwa nikiyaona kwa miezi mitano bila kuuliza. Akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kwamba gari hii hainywi petroli yenye risasi, ile madini, inaua vyombo vyake vya kwenye moshi. Nikamuuliza petroli yake ipi haina. Akacheka.

"Mafi, hakuna," akasema. "Zote zina risasi. Nchi nzima."

Kwa hiyo kile kijifuniko nilichokivunja kiliwekwa kuizuia pampu kama ile. Mimi nilikitoa kwa tupa, kisha kwa adabu zangu nikawa namjazia mdogo wangu sumu, tena nyingi. Kuuliza si ujinga, nasi tunawaambia watoto hivyo kila siku. Niliendesha kurudi nikilia, nasema kweli, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilikuwa nimefika kwenye falaji, ule mfereji wa mashamba, karibu na gereji ndipo wazo la pili liliponijia. Mimi siyajui yale maandishi. Yeye je? Mtu aliyekaa Amerika miaka yote ile, aliyenisomea kitabu kizima?

Nilimkuta barazani pa gereji anakunywa kahawa. Sikumsalimia.

"Ulijua," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. "Nilijua, kaka."

"Siku nilipopiga tupa, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulinyamaza! Miezi mitano nakesha na mzigo wako, mama hali, halali, na wewe umekaa unakunywa kahawa!"

Alikuwa akiangalia mikono yangu. Halafu akasema ana mke kule na mtoto wa kike, mama hajui. Alikuja kwa sababu mama alimlilia katika barua, na hakuwa na uso wa kumwambia kwamba hawezi kukaa. Alitaka kitu kingine kimshinde, si yeye.

"Gari ikishindikana, atanielewa," akasema. "Wallahi sikukusudia ikuangukie wewe. Mwambie imeshindikana tu."

Nilitaka kumpiga. Nilikuwa nimeshainua mkono. Lakini ni mdogo wangu, na nilimkosa miaka ishirini na zaidi, na nilijua baada ya wiki mbili nitamkosa tena. Nikaushusha. Nikamwambia mama kwamba imeshindikana.

Mdogo wangu aliondoka siku ya Alkhamisi. Gari ikauzwa kwa mtu wa Nizwa ambaye alichomoa ule waya siku ya kwanza, nami nikasikia kwamba inakwenda vizuri. Mama alifunga mlango wa kile chumba na foronya zake ndani.

Wiki chache baadaye nilikwenda kumwamkia nikamkuta na jirani, bibi mtu mzima, pikapu ya mwanawe imegoma. Jirani aliponiona akafurahi, akasema afadhali, fundi mwenyewe amekuja.

"Tafuteni mwengine," mama akamwambia, bila kunitazama. "Huyu wangu gari moja tu imemshinda, nayo imenichukulia mwanangu."

Kinywa changu kilikuwa wazi. Maneno yote yalikuwa pale, mke, mtoto, maandishi pembeni ya tangi. Nilimwangalia mama, kisha nikamgeukia jirani, nikamwelekeza gereji ya mwengine, kule chini karibu na soko.