Si Njaa, Ni Miguu Yake

Msiniletee maneno. Mbwa wangu hakuwa na utapiamlo, hakulogwa, wala hakuzaliwa nusu. Ni aina ya kogi, mbwa wa kuchunga ng'ombe, na miguu yake mifupi Mungu aliikomesha pale pale alipotaka.

Nilimpata mjini Mbarara, Uganda, nilikokuwa nikifua nguo za familia ya afisa mmoja katika kambi ya jeshi. Afisa alipohamishwa, mkewe akanikabidhi mbwa na brashi yake. "Mama, hii mbwa ni ya kazi," akaniambia kwa Kiswahili chao cha kambini. "Manyoya unachana kila wiki. Ukimuinua, shika kifua na matako pamoja. Na usimpe chakula mingi! Mgongo yake ni refu, uzito itamuharibu."

Nikamleta hapa kijiji cha Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye kiwanja changu cha maharage. Yesu wangu, watu walivyocheka! Asubuhi ya pili mbuzi wa jirani wakaingia kwenye maharage, na huyo mfupi akawazunguka kwa nyuma, akiwauma-uma visigino mmoja baada ya mwingine. Beberu akarusha teke. Likapita juu ya kichwa chake bure. Hapo ndipo nilipoielewa ile miguu. Alikuwa mkaidi, anabweka kuliko umbo lake, na hangoji kutumwa. Tukapatana sana, maana na mimi niko hivyo.

Jirani mwenyewe hakucheka. Ni mjane wa Kivu ya Kusini, Kongo, kama mimi, shemasi wa kanisa letu dogo, na alimwonea mbwa huruma. Sote hapa tunaujua ule utepe wa kupimia mikono ya watoto kwenye zahanati ya Base Camp. Tukiona kiumbe amedumaa, tunawaza njaa kwanza. Basi kila asubuhi nilipokwenda kwenye pampu ya maji, alimpitishia matonge ya ugali kwenye ua, eti miguu ikue. Miezi mitatu! Mimi nampimia chakula kwa kikombe, najiona mlezi hodari, na mbwa ananenepa tu.

Siku moja hakuinuka. Miguu ya nyuma ilikuwa ikiburutika kwenye vumbi. Nilipiga yowe, jirani akaja mbio, na alipoona akaungama yote palepale.

"Nilikuwa namusaidia, dada," akasema. "Lakini sasa anateseka. Bora tumumalize."

"Umumalize nani? Ukimgusa, utaanza na mimi!"

Nikamlaza juu ya ubao, nikatafuta gari hadi Mbarara, kwa daktari wa mifugo kule Kamukuzi. Akampapasa uti wa mgongo taratibu. Akasema afungiwe wiki sita mahali padogo, asiruke, asikimbie, na apungue. Akiendelea kunenepa hatasimama tena, na hapo kitakachobaki ni sindano ya kumlaza moja kwa moja.

Nikampigilia sanduku la mbao karibu na kitanda changu. Chakula nikakipunguza nusu. Alilia, akanitazama kwa macho yale, na mimi nikala nikimpa mgongo. Kwenye foleni ya maji watu wakaniita muuaji. Sawa, niiteni! Kati yao hakuna aliyekuwa anamgeuza ubavu alfajiri.

Wiki ya tatu nikamkuta jirani ndani ya nyumba yangu, amepiga magoti kando ya sanduku, ugali umefichwa chini ya kitenge. Nikamkamata mkono.

"Uko namuua na njaa!" akanipigia kelele.

"Wewe ndiye unayemuua, na ugali!"

Akaanza kulia. "Miye nilizika mutoto wa miguu kama hii, mu njia ya kukimbia vita. Sikukuwa na kitu ya kumupa. Siwezi kuona tena kiumbe analala njaa pembeni yangu."

Moyo uliniuma kweli. Lakini sikulegea, na sitaomba radhi kwa hilo. Nikauvuta mkono wake nikauweka kwenye ubavu wa mbwa. "Tafuta mbavu. Umezipata? Ni mafuta matupu. Huyu si yule, dada yangu." Akapapasa muda mrefu, kisha akaondoka na ugali wake.

Wiki ya sita nikafungua sanduku. Mbwa akasimama. Akayumba, akaangukia kifua, akasimama tena, akaenda zake polepole hadi kwenye ua wa jirani. Jirani alikuwa nje, anakula. Mbwa akaketi mbele yake akamkodolea macho, na nikauona mkono wenye tonge ukianza kushuka. Nilitaka aamue mwenyewe.

Akafumba kiganja. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Hapana, papa," akamwambia, kama kwetu mama anavyomwita mwanawe wa kiume. "Ulishashiba."