Herufi za Khanga ya Mama

Nimefungua sanduku la bibi, na harufu ya udi imenirudisha sakafuni kwake, Jang'ombe. Mama alikuwa Maskati kwa kazi. Kila nilipouliza atarudi lini, bibi alikunjua khanga aliyoiacha mama, akafumba macho, akagusa maandishi mara tatu.

"Haya mwanangu, nambie neno refu la Kiingereza lenye herufi hizi zote."

M, T, N. Nilifikiri hata swali langu likanitoka.

"Entertainment!"

Bibi alijua kusoma msahafu tu. Herufi zile kwake zilikuwa nakshi. Alipima urefu wa neno kwa pumzi yangu.

"Hakuna refu kuliko hilo?"

Leo nimeigusa khanga ileile. Neno limekuja upesi, nikalitamka kwa sauti, kisha nikangojea kuulizwa kama hakuna refu kuliko hilo.