Orodha Iliyobaki Wazi

Ugbad Abdijabar alikuwa na vidole kumi mpaka Jumanne ile ya mwaka jana, Kulow alipoingia uani na panga.

Ugbad alikuwa fundi wa tovuti, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, akihudumia shirika dogo lililowahifadhi wanawake waliokimbia kipigo. Ofisi na makazi yao vilikuwa ndani ya ua mmoja mtaani Iftin, bila kibao chochote.

Wiki moja kabla, Ugbad aliipanga upya tovuti hiyo. Mtu akiomba folda bila kutaja faili, seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hutafuta ukurasa unaoitwa index na kumfungulia huo. Ugbad alipenda majina ya Kiswahili, akaubadilisha jina ukaitwa mwanzo. Aliujaribu kwa anwani yake kamili, ukafunguka, akaenda kuswali adhuhuri. Seva haikuwa imeambiwa habari ya jina jipya. Tena siku zote ilikuwa imewekwa kwamba ikikosa index, imwonyeshe mgeni orodha ya kila faili iliyomo. Humo ndani mwenzake alikuwa amehifadhi fomu za wanawake, pamoja na ramani ya kufika.

Kulow, dalali wa ngamia wa Habaswein, alikuwa akimsaka mkewe Maryan kwa miezi miwili. Aliposikia kuna shirika linalohifadhi wanawake, alilitafuta kwenye simu, akafuta kipande cha mwisho cha anwani ya tovuti, na orodha nzima ikamtokea.

Alifika saa nne asubuhi. Mlinzi, mzee Guleid, alimwuliza anamtaka nani, akajibiwa kwa bapa la panga usoni. Ugbad alisikia mayowe, akatoka mbio. Kulow alikuwa amemburuta Maryan kwa nywele kutoka jikoni, anamkanyaga tumbo, anampiga mdomo kwa mpini. Meno yalikuwa yametapakaa kwenye saruji.

Ugbad aliinua mkono wa kulia kumkinga. Panga likashuka. Hakusikia maumivu, aliona tu vidole vyake viwili chini, akashangaa jinsi vilivyo vidogo. Istar, mpishi, alimmwagia Kulow sufuria ya chai iliyokuwa ikichemka. Alipoanguka wanawake wakamvamia kwa michi na kwa mawe, na hakuna aliyekuwa tayari kuacha. Polisi walimkuta angali anapumua, magoti yote mawili yamevunjwa. Baadaye alifungwa.

Mfukoni mwake mlikuwa na fomu ya Maryan iliyochapishwa, na anwani ya tovuti chini yake. Ugbad alipoonyeshwa hospitalini, alielewa mara moja. Akaomba kompyuta. Kwa mkono wa kushoto aliitajia seva jina jipya, akaizuia kuorodhesha folda, akazitoa fomu zote. Ilimchukua dakika nne.

Kisha akatembea hadi wodi ya pili, kwenye kitanda cha Maryan.

“Abaayo, dada yangu,” alisema, “alikupata kwa kosa langu. Mimi ndiye niliyeacha orodha wazi.”

Taya la Maryan lilikuwa limefungwa kwa waya. Alichukua simu, akaandika: Sijakusamehe. Lakini usiondoke.

Ugbad akavuta kiti, akakaa. Alikuwa angali hapo muuguzi alipokuja kubadilisha bandeji.

Mwezi uliofuata Maryan alihamishiwa mji mwingine. Ugbad hakuuliza ni upi.